Kisanduku cha tarehe: kutoka daftari la Mbelgiji hadi fomu ya simu

Tarehe 20 Desemba 2023 Kongo ilipiga kura, lakini Masisi, huku Kivu Kaskazini, haikupiga. Vita vilikuwa vimezuia uandikishaji wa wapiga kura huko, na Rutshuru vilevile. Kwa raia wengi kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho pekee, kwa hiyo aliyekosa kuandikishwa amekosa pia karatasi ya kuonyesha kwenye bariyeri. Na kila karatasi ya namna hiyo huuliza tarehe.

Wabelgiji walituachia mpangilio wa siku, mwezi, mwaka, pamoja na desturi ya kumwandikia mzee asiyejua siku yake kwamba amezaliwa «karibu na» mwaka fulani. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, sasa inatoa siku 90 za kumtangaza mtoto. Kwa vijiji vya ndani vya Walikale, siku hizo ni chache.

Ila tarehe iliyotugombanisha ilikuwa ya kufika. Kuanzia 1937 ukoloni ulihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda. Sheria ya 5 Januari 1972 ikawapa uraia waliokuwa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Ile ya 29 Juni 1981 ikafuta hayo na kudai asili ya kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Nani angeleta karatasi ya siku hiyo? Mjerumani von Götzen alipita pande za Kivu 1894, miaka tisa baadaye. Karani hakuwepo bado. Hata hivyo mwaka 1991 makarani walitumwa kutambua nani ni raia, na vurugu zikazuka. Machi 1993 damu ikamwagika sokoni Ntoto, Walikale, kisha mapigano yakaenea Masisi, maelfu wakafa. Ardhi na uchifu vilikuwemo, sikatai, lakini tarehe ya 1885 iliwapa wachochezi hoja yenye muhuri wa serikali. Sheria ya 12 Novemba 2004 ikaisogeza hadi uhuru, 1960.

Siku hizi kisanduku kiko kwenye simu. Kanuni ya kimataifa ya 1988, ISO 8601, inaanza na mwaka: 1950-03-04. Fomu za intaneti zimeifuata: skrini inaweza kumwonyesha msomaji wa Kifaransa 04/03/1950, lakini thamani inayotumwa ni ile inayoanza na mwaka. Mtengeneza programu akiijaza fomu kwa mtindo wa Kibelgiji, kisanduku kinabaki kitupu.

Na «karibu na» imetoweka. Kisanduku hicho kinadai siku kamili, ndiyo maana wakimbizi wengi huandikiwa 1 Januari. Mbelgiji, pamoja na ubaya wake, alimwachia mzee nafasi ya kutojua. Waandaaji wa fomu wetu wangeirudisha kwa kazi ndogo tu: sehemu ya namba kwa ajili ya mwaka, na alama pembeni ya «takriban».