Gari la dumu: Babati walivyopasua mpaka wakajua

Kabla Manyara haijamegwa kutoka Arusha mwaka 2002, malori ya Arusha–Dodoma yalishapita Babati, na watoto walishayaiga. Bodi ni dumu la mafuta ya kula, matairi ni vipande vya kandambili, ekseli ni kijiti.

Kosa la kwanza ni lilelile: kutoboa kwa msumari wa baridi. Dumu paa, limepasuka, na kupata lingine kwa mama siyo mchezo! Wakahamia msumari wa moto. Ukichelewa kuuchomoa, tundu linapanuka, gari linayumba kama mlevi. Aisee, dawa ikawa kutoboa tundu dogo, halafu kijiti ndiyo kisuguliwe sakafuni mpaka kizunguke bila kukwama.

Na lile dumu lililopasuka? Halitupwi. Linakatwa, linafungwa nyuma, tayari tela.