Rufaa Iliyolala: Muda, Umiliki na Haki ya Kusikilizwa katika Migogoro ya Ardhi Kisumu

Mahakama inapotupilia mbali rufaa ya ardhi kwa sababu aliyeikata hakuiendeleza, haisemi kwamba hoja zake ni dhaifu; huufunga mlango kabla hoja hizo hazijapimwa, na hukumu ya mahakama ya chini hubaki kuwa neno la mwisho. Mamlaka hayo ni halali, na mara nyingine ni ya lazima. Hata hivyo, yanapohusu ardhi, hayafai kutumiwa kabla ya kuulizwa swali ambalo vigezo vilivyozoeleka havilitaji waziwazi: muda wote rufaa ilipokuwa imelala, ni nani aliyekuwa akiikalia ardhi hiyo?

Kanuni ya 35 ya Agizo la 42 katika Kanuni za Utaratibu wa Mashauri ya Madai za Kenya za mwaka 2010 inaweka njia mbili. Ikiwa miezi 3 imepita tangu jaji atoe maelekezo, yaani utaratibu wa nyaraka na hatua zinazotangulia usikilizaji, na mkata rufaa hajaomba tarehe, mjibu rufaa anaweza kuomba itupwe au aombe tarehe yeye mwenyewe. Ikiwa mwaka 1 umepita tangu mjibu rufaa akabidhiwe hati ya rufaa bila shauri kupangiwa tarehe, msajili hulipeleka mbele ya jaji baada ya kuwapa wahusika taarifa. Kwa hiyo, pale ambapo maelekezo hayajatolewa, ile miezi 3 haijaanza kuhesabiwa, na ombi linaloitegemea huwa limewahi mno.

Kigezo kinachorejelewa mara nyingi kilitolewa katika shauri la Ivita dhidi ya Kyumbu: je, ucheleweshaji ni wa muda mrefu usio na udhuru, na je, haki bado inaweza kutendeka licha yake? Kigezo hicho kina busara, lakini kinauchukulia muda kana kwamba unawaumiza wahusika wote kwa kiasi kimoja, jambo ambalo katika ardhi ni nadra kuwa kweli.

Mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, unalidhihirisha hilo, kwa kuwa kiwanja hapo ni nyumba, ni kodi ya wapangaji na ni urithi wa watoto kwa pamoja. Mkata rufaa anayeishi kwenye kiwanja kwa kinga ya amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu hupata, kwa kukaa kimya tu, kile ambacho huenda asingekipata kwa hoja. Kimya chake ni cha kutiliwa shaka, na mahakama haina sababu ya kumbembeleza. Aliyekwisha kuondolewa, ambaye kila mwezi mwenzake anapokea kodi, hana faida yoyote katika kuchelewa, na kimya chake huenda kimetokana na ukosefu wa ada ya wakili au na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu rasmi za ushahidi, ambao mahakama yenyewe bado haijauchapa. Kumwadhibu kwa kosa la masjala ni dhuluma. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inakataza haki kucheleweshwa, lakini inakataza vilevile kuukuza utaratibu kupita kiasi hadi ukaizidi haki.

Jaji halazimiki kuchagua kati ya kuifuta rufaa na kuiacha iendelee kulala; anaweza kutoa amri ya masharti: kumbukumbu za rufaa ziwasilishwe katika siku maalumu, la sivyo rufaa ianguke yenyewe, na kodi ya kiwanja iwekwe akiba hadi uamuzi utakapotolewa.

Ugumu mkubwa zaidi ni kifo. Mkata rufaa akifa, mwanawe hawezi kuchukua nafasi yake mahakamani kwa kuwa mwana tu. Anahitaji hati ya usimamizi wa mirathi, ambayo huweza kukwama kwa miaka familia isipokubaliana. Sheria ya Urithi inaruhusu hati yenye mipaka, inayotolewa kwa ajili ya shauri peke yake, na hiyo haingoji mirathi yote igawanywe. Taarifa ya msajili inayoitaja njia hiyo, na kuipa familia muda wa kuifuata, ingeokoa rufaa ambazo leo zinafutwa huku warithi wakiwa bado wanajadiliana nyumbani ni nani awawakilishe.