Kesi ya Majina: Java Mbele ya Mahakama za Marekani

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems, katika California, ilitoa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Sifa yake moja ilizidi nyingine: programu iliyoandikwa mara moja iliweza kutumika katika kompyuta za namna nyingi. Sun haikuwatoza ada waandishi waliotaka kuitumia lugha hiyo. Iliwakaribisha, nao wakaja kwa wingi.

Pamoja na lugha hiyo palikuwa na hazina ya kazi zilizokwisha andikwa, kila moja na jina lake. Mwandishi aliyetaka kujua ipi kati ya namba mbili ni kubwa hakulazimika kuitunga hesabu hiyo upya. Alitaja jina, kazi ikafanyika. Jina na utaratibu wa kulitaja ni kitu kimoja. Kazi inayofanyika nyuma yake ni kitu cha pili. Mgeni mezani akiagiza maji huletewa maji, wala haulizi yametekwa kisima gani. Mgogoro uliozuka baadaye ulihusu neno la kuagizia, si maji yenyewe.

Google ilinunua kampuni changa ya Android mwaka 2005, ikakusudia kutengeneza programu ya kuendeshea simu. Ilizungumza na Sun juu ya leseni, lakini mazungumzo hayakuzaa mapatano. Sun ilitaka umoja wa Java ulindwe, ili programu iliyoandikwa huku isikataliwe kule. Google ilitaka watengenezaji wa simu wawe huru kubadili watakacho. Novemba 2006 Sun ilitangaza kuitoa Java kwa leseni huria ya GPL, lakini uhuru huo ulikuwa na sharti: aliyeibadili na kuisambaza alipaswa kutoa maandishi yake kwa masharti yale yale. Huria haikuwa na maana ya shamba lisilo mwenyewe. Basi Google ikachagua njia nyingine. Kazi zenyewe ziliandikwa upya, lakini majina ya mafungu 37 yalitwaliwa kama yalivyo, yapata mistari 11,500, ili waandishi waliokwisha izoea Java wasianze kujifunza upya.

Android ilipotangazwa Novemba 2007, mkuu wa Sun, Jonathan Schwartz, aliipongeza hadharani. Pongezi ni neno tamu, lakini si hati. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara ya Sun ilidhoofika, na Januari 2010 Oracle ilikamilisha kuinunua kwa thamani ya dola bilioni 7.4. Mali na haki zilihamia kwa bwana mpya. Hisani ya bwana wa kwanza haikuhama pamoja nazo. Agosti mwaka ule ule Oracle iliishtaki Google.

Kesi ilidumu zaidi ya miaka 10, na hukumu ziligeuzwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2012 Jaji William Alsup aliamua kwamba majina yale na mpangilio wake ni njia ya kuendeshea kazi, na njia ya kazi haimilikiwi kama kitabu kimilikiwavyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani mjini Washington iliitengua hukumu hiyo. Mwaka 2016, Oracle ikidai karibu dola bilioni 9, baraza la raia walioapishwa liliona kwamba Google ilikuwa imefanya matumizi ya haki. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikatengua tena.

Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu iliipa Google ushindi, majaji 6 kwa 2. Jaji Stephen Breyer alieleza kwamba mistari iliyotwaliwa ilikuwa asilimia 0.4 tu ya milioni 2.86, na kwamba ilitwaliwa kwa kiasi kilichohitajika ili waandishi wautumie ujuzi wao katika kazi mpya. Jaji Clarence Thomas, akiungwa mkono na Jaji Samuel Alito, alipinga: aliona kwamba mali ya mtu ilikuwa imenakiliwa, na soko lake likaharibiwa.

Hata hivyo swali kubwa halikujibiwa. Mahakama ilichukulia, kwa ajili ya hoja tu, kwamba mistari ile yaweza kuwa na hakimiliki, kisha ikaamua juu ya matumizi. Kwa hiyo mfanyabiashara ajengaye juu ya majina ya mwenziwe amepata ngao, lakini ngao hiyo huonekana kuwa imara baada ya vita, si kabla. Tajiri aweza kungoja miaka 10. Kampuni ndogo yaweza kufa mwaka wa pili, haki ikiwa upande wake.

Google yenyewe haikungoja. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilijulikana kwamba itahamia katika OpenJDK, ile Java iliyotolewa kwa leseni ya GPL, na Android ya mwaka 2016 ikaja nayo. Ushindi ulipofika mwaka 2021, mshindi alikuwa amekwisha kubali daftari.