Pumzi ya Bunduki

Utotoni nilijifunza kulenga kwa manati. Aliyenifundisha, binamu yangu mkubwa, hakuwahi kuzungumzia jicho, alizungumzia mpira. "Vuta mpaka sikioni," aliniambia. "Leo, kesho na mtondogoo, palepale sikioni." Nilipokosa embe nilisingizia mkono kutetemeka. Yeye alisema nimevuta hadi shavuni tu, jiwe likatoka bila nguvu, likashuka kabla ya kufika. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma historia ya bunduki za upepo, niligundua kwamba majeshi na wanasayansi wa Ulaya walihangaika na somo lilelile.

Kwa karne nyingi watu walifyatua mizinga na bunduki bila kujua risasi inakwenda kwa kasi gani. Aliyetoa jibu la kuaminika ni Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha mwaka 1742 kuhusu kanuni mpya za upigaji wa mizinga. Alining'iniza kipande kizito cha mbao kama bembea, akakifyatulia risasi. Mbao ilirudi nyuma ikivuta utepe, na urefu wa utepe ulionyesha imerudi kiasi gani. Kwa kujua uzito wa risasi na uzito wa bembea, Robins aliweza kukokotoa kasi. Alipata risasi za bunduki zilizozidi futi 1,600 kwa sekunde, karibu mita 490.

Robins alikuwa na wazo jingine linalonivutia zaidi. Aliona kwamba baruti ikiungua hugeuka gesi iliyobanwa, na gesi hiyo huisukuma risasi kama hewa iliyoshindiliwa ingefanya. Kwa hiyo swali la baruti na swali la upepo ni moja: je, msukumo wa sasa ni sawa na ule uliotangulia?

Takriban miaka 40 baadaye, jeshi la Austria liliipokea bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartholomäus Girandoni wa Tyrol. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma ya kuhifadhia hewa. Ubavuni mwa mtutu palikuwa na mrija wenye risasi 20 hivi, na askari aliweza kuzipiga mfululizo hata akiwa amelala chini, wakati mwenzake mwenye bunduki ya baruti bado anashindilia ya pili. Haikutoa moshi wala mwali, na mvua haikuwa na baruti ya kulowesha. Gharama yake ilikuwa jasho: kujaza chupa moja kulihitaji kupiga pampu ya mkono mara 1,500 hivi. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu anajua kwamba mapigo ya mwisho si kama ya mwanzo.

Chupa iliyojaa ilitoa risasi kama 30 zenye nguvu ya kudhuru. Lakini nguvu hizo hazikuwa sawa. Kila risasi iliondoka na sehemu ya hewa, shinikizo likapungua, na risasi iliyofuata ikasukumwa kidogo kuliko iliyotangulia.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua shabaha iliyo mita 50 mbele, tukipuuza ukinzani wa hewa. Risasi yenye kasi ya mita 200 kwa sekunde inafika kwa robo ya sekunde, na katika muda huo mvutano wa dunia umeishusha sentimita 31. Ikitoka kwa mita 150 kwa sekunde, inachelewa hadi theluthi ya sekunde na kushuka sentimita 54. Jicho ni lilelile na mkono ni uleule, lakini risasi mbili zimeachana kwa sentimita 23. Uliyemlenga kifuani umempiga tumboni.

Tatizo si upole wa risasi. Bunduki inayopiga polepole kila mara unaizoea: unainua kilengeo kidogo, mambo yanakwisha. Ile inayobadilika kila risasi haina marekebisho, kwa sababu hujui unarekebisha kutoka wapi.

Bunduki ya upepo maarufu kuliko zote ilivuka Marekani pamoja na msafara wa Meriwether Lewis na William Clark. Wanahistoria wengi sasa wanaamini ilikuwa ya aina ya Girandoni. Mwishoni mwa Agosti 1803, safari ikiwa ndiyo kwanza inaanza, Lewis alisimama kwenye kisiwa kimoja cha mto Ohio, karibu na Pittsburgh, akaionyesha kwa wenyeji. Alipiga mara saba kwa umbali wa yadi 55, takriban mita 50, na akaridhika. Kisha akampa mgeni mmoja aishike. Ikafyatuka. Risasi ilipita kwenye kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40 na kumkwaruza kichwani. Alianguka akitoka damu, watu wakadhani amekufa, kisha akazinduka. Ajali hiyo haikutokana na kasi. Lakini inanikumbusha kwamba ninapopiga hesabu hizi kwa utulivu, mwisho wa mstari wa risasi kuna mtu.

Baadaye Lewis aliionyesha bunduki hiyo kwa mataifa ya wenyeji aliyokutana nayo, wakiwemo Washoshone mwaka 1805. Ilikuwa sehemu ya diplomasia yake: tazameni, inapiga bila moshi, tena na tena. Nadhani ndiyo sababu risasi saba za kisiwani hazitoki akilini mwangu. Saba ni mwanzo wa chupa. Onyesho fupi humwonyesha mtazamaji bunduki ikiwa katika ubora wake. Halimwonyeshi risasi ya 25 ikishuka, wala mtu anayetokwa jasho juu ya pampu. Watu walipima nguvu za wageni kwa sehemu ile tu waliyoruhusiwa kuiona.

Ilichukua muda mrefu kuziba pengo hilo. Leo bunduki nyingi za mashindano zina kidhibiti shinikizo: hewa ya mtungi hupita kwanza kwenye chemba ndogo, nayo hujazwa kiasi kilekile kabla ya kila risasi, mtungi uwe umejaa au umepungua. Shindano la bunduki ya upepo la mita 10 liliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles. Kitovu cha shabaha yake kina upana wa nusu milimita. Kwa kasi ya kama mita 175 kwa sekunde, kupungua mita 5 tu kunaishusha risasi karibu milimita 1 zaidi. Katika fainali za siku hizi, milimita 1 ni pointi 0.4, na medali huamuliwa hata kwa 0.1.

Nilimweleza binamu yangu haya yote: bembea ya Robins, chupa ya Girandoni, kidhibiti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama siku hizi nafikisha mpira sikioni.