Safari ya Ushago, Mwaka wa Barakoa

Saa kumi alfajiri, tarehe 7 Julai 2020, vizuizi vya polisi vilivyoifunga Nairobi tangu jioni ya tarehe 6 Aprili viliondolewa barabarani. Kwa miezi mitatu aliyekuwa jijini alibaki jijini, na aliyekuwa nje alibaki nje. Wapo waliofiwa Siaya, Kitui au Nyeri wakafuatilia mazishi kwa simu, maana waombolezaji walioruhusiwa walikuwa 15 tu na njia yenyewe ilikuwa imefungwa. Sasa njia ilikuwa wazi, lakini chanjo haikuwapo, na wagonjwa wa korona waliothibitishwa nchini walikuwa wamepita 8,000, wengi wao wakiwa Nairobi. Mtu aliyeisubiri safari ya nyumbani tangu Pasaka akawa anajiuliza kama anachowapelekea wazazi ni sukari na majani chai, au ni ugonjwa.

Amri ya kulifunga jiji ilitoka Jumatatu ya wiki ya kuelekea Pasaka, wakati wengi walikuwa wameanza kufungasha. Baadhi hawakukubali kuachwa. Mwezi huo wa Aprili watu kadhaa walitoka Nairobi hadi Homa Bay, karibu kilomita 400, wakiwa na jeneza tupu ili vizuizini waonekane wanakwenda kuzika. Walikamatwa, na mmoja wao akapatikana na virusi. Nchi nzima iliwalaani, na walistahili lawama. Hata hivyo, anayeuona ukaidi mtupu katika kisa hicho hajaitazama historia ya safari yenyewe.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na wakoloni hawakukusudia Mwafrika aifanye kwao. Alihitajika kama mikono ya kazi. Mke na watoto wabaki kijijini, walime, wamlee mgonjwa na mzee. Mshahara ukahesabiwa kwa mtu mmoja, na chumba kikajengwa kwa mtu mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande, cheti kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, ambacho sheria yake ilikuwa imepitishwa mwaka 1915. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia mfanyakazi, kwenda kumwona mama mgonjwa kulihesabiwa kuwa utoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo safari ya ushago, yaani ya kurudi kijijini, ambayo leo tunaiona kama desturi ya tangu jadi, ilikuzwa na ubaguzi wa makazi, na tangu mwanzo ilikuwa safari ya kuomba ruhusa.

Maradhi nayo yaliijua njia hiyo mapema. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi Nairobi, na maofisa wakauchoma moto. Kisha Septemba 1918 homa ya mafua ya dunia iliingia Mombasa kwa meli kutoka Bombay, ikapanda reli kuelekea bara. Wakati ulikuwa mbaya kuliko wote. Vita dhidi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki vilimalizika Novemba mwaka huo, na wapagazi wa jeshi, wale walioliachia eneo la Kariokor jina lake, walikuwa wanarudi makwao wakiwa wamedhoofika kwa njaa na kuhara damu. Mtu aliyeokoka miaka ya kubeba mizigo ya wengine alifika mlangoni kwa mama yake katikati ya wimbi la mafua. Hakuna aliyemwambia akae kando siku 14.

Jiji liliwahi kufungwa Aprili nyingine pia. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliizunguka Nairobi katika Operesheni Anvil, yakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini au kuwarudisha vijijini kwa nguvu. Haifai kuifananisha operesheni ile na karantini ya kuokoa maisha. Lakini wazee waliosikia mwaka 2020 kwamba askari wanazuia watu kutoka Nairobi hawakuwa wakiisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Uhuru ulifuta ruhusa ya mzungu, haukufuta zile sehemu mbili za maisha. Kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno ililionyesha hilo waziwazi. Alikufa Desemba 1986 baada ya kuishi Nairobi miaka mingi, na mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao nje kidogo ya jiji. Ukoo wa Umira Kager ukasema alikokaa Nairobi palikuwa na nyumba tu. Nyumbani kwake ni Nyalgunga, Siaya. Mahakama ikaupa ukoo haki, akazikwa huko Mei 1987.

Ndiyo sababu Julai 2020 watu hawakuacha kusafiri, walijifunza kusafiri kwa hadhari. Magari ya masafa yalihitaji kibali cha Wizara ya Afya. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, nauli ikapanda, na kipimajoto kikaelekezwa kwenye paji la uso kabla ya kupanda. Kafyu ya saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri iliua mabasi ya usiku ya Magharibi na Nyanza, yale ambayo abiria hulala Nairobi na kuamka karibu na kwao. Ilibidi kuondoka alfajiri na kufika mchana, huku majirani wote wakimwona mgeni anayeshuka kutoka mji wenye ugonjwa.

Walioichukulia hatari hiyo kwa uzito walijifungia siku kadhaa kabla ya kuondoka, wakawaacha watoto wenye mafua, na walipofika wakalala kwenye nyumba ya kando. Wengine walituma M-Pesa na kubaki. Tangu Machi kutuma hadi shilingi 1,000 hakukutozwa ada. Na kwa waliofika, ugumu ulikuwa uani. Mzee aliyezoea kushikwa mkono kwa mikono miwili alipungiwa kutoka mbali. Viti viliwekwa chini ya mwembe, kibuyu chirizi kikining'inia langoni pamoja na sabuni. Mgeni aliweka mfuko wa sukari, mkate na majani chai juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua tatu, akasubiri mama aje kuuchukua.