Nani Mwenye Wimbo? Malenga, Waimbaji na Wapigaji katika Filamu za Kihindi za Zamani

Mwaka 1949 ilitoka filamu ya Mahal, na ndani yake mna wimbo mmoja uliowahangaisha wasikilizaji wa redio kote India. Watu waliandika barua wakiuliza: huyu bibi anayeimba ni nani hasa? Kwenye santuri palichapwa jina la Kamini. Sasa, Kamini si mtu. Ni mhusika tu katika filamu ile, aliyeigizwa na Madhubala. Mwenye sauti alikuwa Lata Mangeshkar, msichana wa umri wa kama miaka 20. Barua zilipozidi ndipo jina lake likatajwa. Mtunzi wa muziki ule, Khemchand Prakash, alifariki 1950, hata utamu wa sifa zake hakuuonja sawasawa.

Kisa hiki kinatufungulia mlango. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kuuliza fani na maudhui, basi. Ni mara chache tunauliza: kazi hii ni ya nani, na aliyelipwa ni nani? Makala haya yanadai kwamba historia ya wimbo wa filamu za Kihindi ni historia ya watu kupigania majina yao, na kwamba mhakiki anayeusikiliza wimbo bila kuvijua vita hivyo anaihakiki nusu tu ya kazi.

Tuanze mwanzo. Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ilionyeshwa Bombay mwezi Machi 1931, ikiwa na nyimbo 7. Siku zile mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapigaji wakajibanza pembeni ili wasionekane. Mwaka 1935, filamu ya Dhoop Chhaon, iliyotengenezwa na studio ya New Theatres ya Calcutta, ilileta mbinu nyingine: mwimbaji anarekodi kwanza, kisha mwigizaji anachezesha midomo. Mbinu hii ilikuza sana ufundi, maana sura nzuri na sauti nzuri hazikulazimika tena kukaa katika mwili mmoja. Lakini ndiyo iliyozaa dhuluma pia. Mwenye sura alipigiwa makofi, mwenye sauti akabaki gizani.

Waimbaji hawakunyamaza. Tuzo za Filmfare zilipoanza 1954, ya muziki ilikwenda kwa mtunzi wa muziki peke yake. Katika sherehe za 1957 walioshinda walikuwa Shankar na Jaikishan, kwa filamu ya Chori Chori. Wakamwomba Lata aje awaimbie jukwaani. Akakataa katakata. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu: kama tuzo ni ya muziki tu, basi na upigwe muziki tu, bila mwimbaji na bila maneno. Mwaka 1959 ikaanzishwa tuzo ya mwimbaji, akaipata yeye kwa wimbo wa filamu ya Madhumati. Mwaka huohuo ikaanzishwa ya mtunzi wa maneno, akaipata Shailendra kwa filamu ya Yahudi. Tazama jambo hili: mwimbaji aligoma kuimba, na malenga naye akatambuliwa.

Na malenga hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Shailendra alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli kabla Raj Kapoor hajamsikia akighani shairi lake. Ndiyo sababu maneno yake katika Awaara (1951) na Shree 420 (1955) yanaongea lugha ya mtu wa kawaida, bila mapambo ya kujionyesha. Sahir Ludhianvi, kwa upande wake, alikuwa mshairi wa Kiurdu mwenye diwani, Talkhiyan, kabla hajaingia kwenye sinema. Husimuliwa kwamba Sahir alidai alipwe rupia moja zaidi ya Lata. Rupia moja! Si njaa ile. Ni mtu anayetaka iandikwe kwamba neno lina thamani kuliko sauti inayolibeba.

Katika hali hiyo, Pyaasa ya 1957 inasomeka upya. Filamu hii ya Guru Dutt inamhusu Vijay, mshairi ambaye ndugu zake wanauza mashairi yake kama makaratasi ya bure. Watu wanapodhani amekufa, kitabu chake kinachapwa na kugombaniwa, na walewale waliomfukuza wanajitia kumlilia. Mashairi ya Vijay yametungwa na Sahir, na muziki ni wa S. D. Burman. Baada ya filamu hiyo wawili hao hawakufanya kazi pamoja tena. Inasemekana waligombana juu ya nani hasa aliyeupa wimbo nguvu. Yaani mgogoro wa hadithini ulitoka nje ya hadithi.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mapema miaka ya 1960 Lata alidai waimbaji wapate mrabaha kila santuri inapouzwa. Mohammed Rafi akampinga: ukishalipwa ujira wako, umemalizana na kazi. Wakaacha kuimba pamoja kwa miaka kadhaa. Rafi hakuwa mjinga. Filamu ikianguka, hasara ni ya mtengenezaji, si ya mwimbaji. Lakini hoja hiyo ina shimo: filamu hupita, wimbo hubaki. Mwaka 1977 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamua kwamba kwa kawaida haki za nyimbo alizoagiza mtengenezaji ni zake mtengenezaji. Hadi 2012 ndipo sheria ya hakimiliki ikabadilishwa ili watunzi wa maneno na wa muziki wasinyang'anywe mrabaha wao. Wakati huo Sahir, aliyefariki 1980, alikuwa kaburini zaidi ya miaka 30. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu jua aliliona, kivuli hakukifika.

Wako wengine waliosahaulika zaidi. Watunzi wengi wa Bombay walibuni tuni kwa kuimba au kwa kinanda cha mkono. Aliyezipanga kwa noti, hizi fidla ziingie hapa na tarumbeta pale, mara nyingi alikuwa mtu wa Goa aliyejifunza muziki wa Kizungu. Sebastian D'Souza aliwapangia Shankar na Jaikishan. Anthony Gonsalves alimfundisha fidla Pyarelal, ambaye baadaye alikuwa nusu ya Laxmikant–Pyarelal. Katika filamu ya Amar Akbar Anthony (1977) mhusika akapewa jina la mwalimu huyo, na jina likaimbwa. Mamilioni walilikariri, wachache wakijua ni la mtu wa kweli.

Je, sisi tumo? Tumo. Mombasa, Juma Bhalo (aliyefariki 2014) alijijengea jina kwa taarabu ya mahadhi ya Kihindi, na mengi ya maneno aliyoimba yalitungwa na Ahmad Nassir, yule mwenye Malenga wa Mvita (1971). Malenga tunamtaja darasani, mwimbaji tunamtaja barazani. Tuni ikiwa imetoka kwenye filamu, mwenyewe kule Bombay tunamtaja wapi? Mwandishi wa makala haya naye amewahi kuzichambua taarabu hizo beti kwa beti, vina na mizani, bila kujiuliza mahadhi yalitoka kwa nani. Kumbe nami nilikuwa nikichapa jina la Kamini kwenye santuri.

Basi wenzangu, tunapoandika uhakiki wa wimbo, tusiishie kwenye dhamira. Tutaje aliyetunga maneno, aliyetunga tuni, aliyeimba, na aliyepanga vyombo pale anapojulikana. Uwanja uko wazi, na wanaodai ni wengi.