Mzigo na Jina la Aliyeubeba

Wikipedia ya Kiswahili ilipoanza mwaka 2003, kila lugha ilikuwa na orodha yake ya watumiaji, na orodha hizo hazikujuana. Mtu aliyejiandikisha katika ile ya Kiingereza akija kwenye ya Kiswahili alihesabiwa mgeni: achague jina upya, aweke nywila upya, na akikuta jina lake limeshachukuliwa, atafute jingine. Ndivyo mwandishi mmoja alivyoweza kuwa na majina mawili au matatu, na kazi yake ikaonekana ni ya watu mbalimbali.

Mwaka 2008 Wikimedia, taasisi inayoendesha miradi hiyo, iliruhusu akaunti moja itumike katika wiki zote. Mwenye jina lisilogombewa aliunganisha akaunti zake kwa hiari. Waliogongana majina walibaki vilevile kwa miaka saba, hadi Aprili 2015 jambo lilipomalizwa: kila jina likapewa mwenyewe mmoja dunia nzima, na yule mwingine akaongezewa mkia wa kuonyesha atokako. Aliyekuwa Juma katika wiki yetu, kama jina hilo lilimwangukia Juma wa lugha nyingine, aliamka akiitwa Juma~swwiki.

Mkia ule si mzuri kuutazama. Hata hivyo nausifu. Maharirio ya mtu yalimfuata chini ya jina jipya, na akijaribu kuingia kwa jina la zamani na nywila ileile, mlango ulifunguka na akapewa taarifa ya kilichotokea. Walioipanga kazi ile walijua kwamba wanahamisha watu.

Nayasema haya nikiwa Sikonge, mkoani Tabora, katika nchi iliyotoa wapagazi, na nimefundisha historia yao darasani kwa muda mrefu. Wanyamwezi walishuka pwani na pembe, wakarudi bara na nguo na shanga. Tabora ndipo njia zilipogawanyika, moja ikielekea Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini kwenda Buganda. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimehesabu shehena hizo kwa uangalifu mkubwa, farasila za pembe na majora ya merikani. Majina ya waliozibeba ni ya kutafuta kwa tochi.

Hata safari iliyosifiwa kuliko zote haikuwatendea haki watu wake. Msafiri David Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaubeba hadi Kwihara, jirani na mji wa Tabora, ambako msafiri Mwingereza, Luteni Verney Lovett Cameron, aliwashauri wauzike papo hapo. Walikataa. Waliendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadaye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitengeneza medali 60 kwa ajili yao, lakini msafara ulikuwa umeshavunjika na watu wametawanyika, na baadhi yao hawakupatikana tena. Mzigo ulifika Westminster Abbey. Miongoni mwa walioubeba wapo ambao hatujui waliishia wapi.

Wiki inayohamishwa vibaya huwafanyia waandishi wake jambo hilohilo. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia na wiki nyingi ndogo za shule na taasisi, huweka kurasa katika majedwali yake na watumiaji katika jedwali lao. Faili la XML linalotumika kuhamisha kurasa hubeba maandishi na majina ya walioyaandika, lakini halibebi akaunti: nywila hazimo, wala baruapepe. Likipakiwa kwenye seva mpya, majina yanaonekana bila wenyewe. Zamani mgeni yeyote angeweza kujiandikisha hapo kwa jina lililo wazi, na kazi ya mwenzake ikasomeka kuwa yake. Toleo la 1.31 la mwaka 2018 lilileta alama ya kutangulizwa mbele ya majina kama hayo, ili msomaji ajue kwamba yametoka wiki nyingine.

Nywila nazo zina mambo yake. Hazihifadhiwi kama zilivyoandikwa, bali hupitishwa katika hesabu isiyorudi nyuma. Katika matoleo ya zamani ya MediaWiki, namba ya akaunti ilichanganywa katika hesabu hiyo. Akaunti namba 14 ikihamishwa ikapewa namba 231, nywila iliyo sahihi kabisa inakataliwa, na mtu anabaki nje ya nyumba aliyoijenga.

Wapo waliohama vizuri. Waandishi wa Wikitravel, wiki ya miongozo ya safari, waliiacha kampuni iliyomiliki tovuti hiyo na kuingia Wikimedia, na wiki yao mpya, Wikivoyage, ikazinduliwa rasmi Januari 2013. Majina ya zamani yaliwekewa alama ya (WT-en) mbele, hata ya watu ambao hawakuhama. Kampuni ilikwenda mahakamani kuwashtaki baadhi ya waliohama, lakini sifa ya kila mwandishi ilibaki pale alipoandika.

Na sifa hiyo ni haki. Leseni ya GFDL iliyotumika Wikipedia hadi 2009, na ya Creative Commons iliyoifuata, zote zinaruhusu kunakili kwa sharti la kuwataja waandishi. Mkoani kwetu naijua wiki ya shule moja iliyohamishwa kwa kunakili maandishi matupu. Kurasa za tumbaku, za watemi na za misitu ya miombo zote sasa zina jina la fundi aliyezibandika. Wasichana waliokwenda Ipole kuwahoji warina asali hawamo popote katika historia ya ukurasa wao, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu au fundi unayejiandaa kuhamisha wiki, nakuomba: nakili hifadhidata nzima pamoja na jedwali la watumiaji, usitegemee faili la XML peke yake. Kabla ya kuzima seva ya zamani, waombe wote waweke baruapepe ili waweze kubadili nywila wakifika upande wa pili. Na ukilazimika kumbadilisha mtu jina, mwambie kabla hajalikuta limebadilika.